Posa ya Mkurugenzi Mkuu

Mtu akikuambia ujumbe wa bodi ni kazi ya kukaa tu na kunywa chai, mlete kwangu Kibaoni nimwonyeshe mahali mchicha wangu ulipokuwa.

Mimi niliingia kwenye bodi kwa mlango wa shambani. Nguvu zangu za ujana niliziacha kwenye miwa, kupanda na kupalilia, halafu nikawa kiongozi wa chama cha wafanyakazi kwa sababu nina sauti, na sauti yenyewe haina breki. Nilipostaafu nikarudi Ifakara nilime mpunga wangu kwa amani. Chama hakikunipa amani. Kikanipendekeza niwawakilishe wafanyakazi kwenye bodi ya mfuko wa umma, ule unaowafidia watu walioumia kazini. Nikauliza huko kuna nini. Wakasema kuna vikao. Nikauliza, ugomvi je? Wakasema upo wa kutosha. Nikakubali.

Nilichokikuta ni mfuko usio na mwenyewe. Mkurugenzi Mkuu alishahamishiwa kwenye cheo kingine na kiti chake kimeshikwa na Kaimu. Kama hujawahi kuishi na kaimu, mshukuru Mungu. Kaimu ni mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba akaambiwa asikalie makochi. Wetu alikuwa mpole, mcha Mungu, ana kalamu mbili mfukoni mwa shati, na alikuwa anaogopa kusaini kama watu wanavyoogopa nyoka. Vitu vidogo alisaini. Kikizidi kidogo tu, alikirudisha na kusema kisubiri mwenye kiti. "Nisije nikamfunga mikono anayekuja, mama," aliniambia kwa sauti ya huruma. Nikamwambia wanaosubiri wengine hawana hiyo mikono yenyewe. Akasema pole sana, na pole yake ilitoka moyoni, ila saini haikutoka.

Miongoni mwa vilivyokuwa vinasubiri ulikuwemo mguu wa shemeji yangu.

Huyu shemeji ni mdogo wa marehemu mume wangu. Siku nilipoletwa Ifakara kuolewa, nilishuka kwenye treni nikitokea Makambako, na bwana harusi mwenyewe alikuwa ng'ambo ya mto, maji yamejaa, kivuko kimegoma. Aliyekuja kunipokea stesheni ni mdogo wake, kijana ambaye ndevu zilikuwa bado zinajiuliza, na baiskeli. Akanipakia kwenye kerieri, nimepakata sanduku langu, akanipeleka Kibaoni huku anapiga kengele njia nzima utadhani amebeba askofu. Kwa hiyo mtu wa kwanza wa ukoo kunibeba ni yeye, na tangu hapo hajanipumzisha. "Zamani ulikuwa mwepesi, shemeji," husema kila nikipita mlangoni. Mume wangu alipofariki, watu wakauliza kama atanirithi. Akajibu mbele ya ukoo mzima: "Ningemrithi, ila ananuna sana." Mkewe alikuwa amesharudi kwao Mahenge siku nyingi, kwa hiyo tunaishi ua mmoja, nyumba mbili, na kelele moja.

Baiskeli ile, na zilizoifuata, ndizo zilikuwa maisha yake. Amebeba mpunga, amebeba mkaa, amebeba wajawazito kuwapeleka hospitali. Kisha akapata kazi Uchindile, kwenye shamba la miti, kupakia magogo kwenye trela. Siku moja mnyororo ukakatika na gogo likashuka. Mguu wa kulia wakaukatia chini ya goti. Daktari mmoja, kwa nia njema kabisa, akamwambia kwamba ipo miguu ya bandia ambayo kifundo chake kinacheza, na mtu akiuzoea anaweza hata kuendesha baiskeli.

Heri asingesema! Tangu siku hiyo shemeji yangu hakutaka kitu kingine duniani. Kutembea aliona si shida, magongo anayo. Yeye alitaka kupanda baiskeli. Lakini mguu wa aina hiyo ulihitaji saini ya Mkurugenzi Mkuu, na Mkurugenzi Mkuu hatukuwa naye. Baiskeli ikaegemea ukuta wangu, matairi yamelala. Na mimi kila nikirudi kutoka kikaoni, kabla sijashusha mkoba, namsikia kutoka kibarazani kwake: "Shikamoo shemeji. Mmempata?"

"Bado."

"Mnatafuta mtu au mnatafuta malaika?"

Kwenye bodi sikuficha. Kikao changu cha kwanza, walipofika kwenye kutamka maslahi, nikasimama nikasema nina shemeji, ana mguu mmoja, na faili lake liko humu ndani. Mwanasheria wetu, mwanamke mmoja makini sana ambaye nadhani hata ndotoni husema "kwa mujibu wa", akaagiza kwamba jambo lolote la shemeji likija, nitoke nje. Nikasema sawa. Nilikuja kuijua nje ya kila ukumbi.

Basi, tukatangaza nafasi, watu wakaomba, tukachuja mpaka wakabaki watatu. Wa kwanza alikuwa na suti nzuri na maneno mazuri zaidi. Tulipomuuliza kama ana swali, akauliza gari la ofisi ni la aina gani. Wa pili akauliza nyumba. Wa tatu, aliyeanza kazi akiwa mkaguzi wa usalama viwandani, akauliza: "Watu wanaosubiri saini, mmewaambia wanasubiri nini?" Kaimu akainama kutafuta kitu ambacho hakikuanguka. Mimi moyoni nikasema, huyu hapa, mguu umepata mwenyewe.

Kumbe alikuwa mtoto wa bondeni kwetu. Ni Msukuma, wazazi wake walihamia Kilombero na ng'ombe wao akiwa bado anasoma, wakajenga huko chini, mbele ya mashamba ya mpunga. Na kwa bahati, ambayo sijui niite njema au mbaya, bodi ikaamua usaili wa mwisho ufanyike Ifakara. Tulikuwa tumelaumiwa kwamba tunakutana kwenye mahoteli yenye ubaridi tu, hatuwaoni wafanyakazi wenyewe. Mwenyekiti, mzee mstaarabu anayeongea kama anayembembeleza mtoto alale, akasema twende tukawaone walioumia, halafu tusaili hukohuko. Nikafurahi. Nikanunua kitenge kipya.

Siku moja kabla ya usaili, asubuhi, napepeta mchele uani, nikasikia hodi nzito. Nikageuka. Mlangoni pa ua amesimama mzee mrefu, kofia ya pama kichwani, shuka begani, viatu vya tairi, fimbo mkono mmoja. Mkono wa pili umeshika kamba. Mwisho wa kamba kuna mtamba mwekundu, mnene, anang'aa, ana mimba, ananiangalia kama tunafahamiana.

"Shikamoo baba, karibu," nikasema.

"Marahaba mama. Ni wewe mmoja wa wale wazee wanaochagua?"

"Kuchagua nini?"

"Ofisi. Nasikia wanaume watatu wanakitaka kitu kimoja, na wazee wameitana Ifakara wakae wachague. Mmoja ni kijana wangu." Akaifunga kamba kwenye mpera wangu taratibu, kama mtu aliyekwishakaribishwa. "Kwetu hiyo ni posa. Na posa haiendi mikono mitupu. Nikauliza, nani katika hao wazee ni wa hapa, nisimfuate mtu nisiyejua kwake? Wakanionyesha kwako."

Jamani! Jasho lilinitoka mpaka mgongoni. Nikamwambia, baba yangu, hii ni kazi ya umma, siyo ndoa, hatupokei kitu, ukileta hata kifaranga kijana wako anaharibikiwa. Akanisikiliza kwa heshima yote, kisha akaniuliza:

"Huko ofisini atakuta watu ambao hakuwazaa?"

"Ndiyo."

"Itabidi awahangaikie?"

"Ndiyo, baba."

"Na watamsema vibaya?"

"Kila siku ya Mungu."

"Basi hiyo ni ndoa," akasema, akanyanyua fimbo yake. "Mimi simpi mtu rushwa, mama. Najulisha tu kwamba kijana ana kwao. Asije akaonekana ameokotwa." Akaniaga vizuri, akasema yuko kwa ndugu yake karibu na mnadani mpaka mambo yaishe, akaondoka. Nilimfuata mpaka barabarani nikimsihi. Anatembea kama kijana. Niliporudi, mtamba alikuwa amemaliza tuta la kwanza la mchicha na anaanza la pili.

Sasa hebu fikiria ua wa mjane, Kibaoni, saa za asubuhi, ng'ombe wa watu amefungwa kwenye mpera. Jirani wa kwanza aliyechungulia alipiga yowe la furaha. Wa pili akaja na pongezi. Kufika mchana mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba nimeposwa na Msukuma tajiri, na mwendesha bajaji mmoja akasimamisha chombo chake katikati ya njia ili anipe hongera. Nikawafukuza wote kwa ungo. Shemeji amekaa kibarazani kwake, magongo pembeni, anacheka mpaka anashika mbavu.

"Ng'ombe mmoja tu, shemeji?" akasema. "Umri umekushusha bei."

"Nyamaza! Unajua huyu ng'ombe ni wa nani?"

Nikamweleza. Kicheko kikamkatikia njiani. Maana yeye bodi aliifahamu kuliko wajumbe wengine. Miezi yote ile nimekuwa nikimsimulia. Alijua kwamba nikimtaja huyu ng'ombe kesho, mwanasheria atamwondoa yule kijana. Alijua wale wengine wawili, mwenyekiti alishasema kama ni hao tu afadhali tutangaze upya. Na kutangaza upya ni kurudi mwanzo, Kaimu na kalamu zake mbili, na baiskeli ukutani.

"Na ukinyamaza?" akauliza.

"Nikinyamaza namrudishia mzee ng'ombe wake kimya kimya, kijana anapita, unapata mguu."

"Amekuona nani?"

"Kibaoni nzima, we vipi!"

"Kibaoni wanajua umeposwa. Hakuna anayejua mambo ya bodi."

Alikuwa anasema kweli, na mimi nilikuwa nimeshafika kwenye wazo hilo kabla yake. Mtamba akatoa mlio mrefu. Shemeji akaitazama baiskeli yake kwa muda, halafu akavuta magongo karibu.

"Mpeleke kesho," akasema. "Mbele yao."

"Mguu wako je?"

"Mnyororo wa lile trela ulikuwa umelika. Msimamizi aliuona asubuhi, akanyamaza ili kazi isisimame. Sasa na wewe unyamaze ili mimi nipate mguu? Huo mguu nitaukanyagiaje?" Halafu, kwa sababu aliniona machoni, akaongeza: "Na usianze kulia, ukilia unatisha."

Nililia hivyohivyo. Nililia kwa hasira, kwa sababu mtu mwenye mguu mmoja alikuwa amenifundisha kazi ninayolipiwa posho.

Asubuhi nikavaa kitenge changu kipya, nikashika kamba, tukatoka. Kuswaga ng'ombe katikati ya Ifakara si jambo la ajabu. Kumswaga umevaa kitenge cha mshono na mkoba wa bodi begani, hiyo ndiyo sinema. Baiskeli zikatupisha. Bodaboda wakapiga honi. "Mama, harusi lini?" Nikawajibu maneno ambayo sitayaandika. Nikafika ukumbini, nikamfunga mtamba kwenye nguzo chini ya dirisha, nikaingia, nikakaa. Mwenyekiti akafungua kikao kwa sala, akauliza kwa upole wake ule kama kuna mwenye tamko la maslahi.

Nikanyoosha mkono. "Ninalo, mwenyekiti. Liko nje."

Wakasogea dirishani wote. Mtamba akainua kichwa akawatazama. Nikaeleza mwanzo hadi mwisho. Mwanasheria akafungua sera yetu ya zawadi, na hapo ndipo nilipoiona sheria ikitoka jasho. Sera ilitaja kalamu, kalenda, na vikapu vya sikukuu. Mnyama haikumtaja. Ilisema zawadi yoyote akabidhiwe katibu wa bodi aitunze kabatini.

"Kabati gani?" akauliza katibu, na sauti yake ikapanda.

"Na ana mimba," nikasema, maana nilitaka nisifiche lolote.

"Basi ni zawadi moja au mbili?" akauliza Kaimu, na sidhani alikuwa anatania. Walijadili hilo! Watu wazima, wamesoma, wakajadili ndama ambaye hajazaliwa atasajiliwa lini, mpaka mwenyekiti akawaomba warudi duniani.

Wakamwita kijana. Aliingia na tabasamu la usaili, akaketi, akatupa macho dirishani, tabasamu likaisha. "Huyo ni wa kwetu," akasema. Mwanasheria akamuuliza kama alijua. "Sikujua. Lakini baba yangu namjua." Hakusema zaidi, wala hakumkana mzee wake, hakumcheka kwamba ni mtu wa porini. Alikaa tu, mikono magotini. Mwanasheria akasema kwa mujibu wa taratibu msailiwa ambaye zawadi imetolewa kwa niaba yake anapaswa kuondolewa, isipokuwa kama zawadi imekataliwa na aliyeitoa ameichukua kwa hiari yake. Halafu akanigeukia. "Na wewe, mama, kwa kuwa umepokea na kwa kuwa una shemeji, tunaomba utupishe."

"Sikupokea! Amefungwa kwangu!"

"Tunaomba utupishe."

Nikatoka. Nikabamiza mlango, kisha nikarudi kuufunga vizuri, maana ukumbi ulikuwa wa kukodi.

Nje nikamkuta shemeji, amekuja na bajaji, amekaa kwenye ngazi. Na pembeni ya mtamba amesimama yule mzee. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba mama wa bodi anatembeza ng'ombe wake mjini. Alikuwa amekasirika, lakini hasira ya mtu mwenye heshima: sauti iko chini, fimbo imetulia.

"Mama, umenirudishia ng'ombe hadharani. Mmemkataa mwanangu?"

"Hatujamkataa. Wanajadili. Ila ng'ombe akibaki hapa, atakataliwa."

"Ng'ombe wa posa harudi zizini. Akirudi, kila atakayeniona njiani anajua kijana wangu hakutakiwa."

Nikafungua mdomo nimweleze tena habari za taratibu, shemeji akanipa ishara ninyamaze. Akamwamkia mzee. Akamwambia akae. Mzee akakaa kwenye ngazi, na macho yake yakaangukia pale suruali ilipokunjwa na kufungwa kwa pini.

"Pole. Nini?"

"Gogo, mzee. Uchindile. Kuna mguu wa kutengenezwa, mimi nimeshapimwa. Unasubiri saini ya huyo mnayemposea ofisi."

"Mwanangu?"

"Yeye, au mwingine. Lakini wengine wameulizia gari."

Nikamwona mzee anafikiri, na nikamwona anaelewa. "Kumbe ndiyo kazi yenyewe," akasema. "Mimi nilidhani ni ukubwa tu."

Akasimama, akafungua kamba kwenye nguzo, akaizungusha mkononi. "Mkiulizwa, sikuja," akasema. Akaondoka na mtamba wake, barabara kuu, jua kali, kila mtu anamwona. Mwanamke mmoja muuza dagaa ndiye aliyeanza. "Pole mzee," akasema, kwa sababu alielewa ng'ombe anayerudi maana yake nini. Jana yake alimwona akienda. Mzee akajibu, "Asante." Mwenye duka la baiskeli: "Pole mzee." "Asante." Kwa kila aliyempa pole aliinama kidogo na kushukuru, wala hakumweleza mtu neno. Pale dirishani, ndani ya ukumbi, nilimwona kijana ameketi, shingo amegeuza, anamtazama baba yake mpaka alipopinda kona. Hakuruhusiwa kutoka. Alikuwa kwenye usaili.

Niliingia nikawaambia mwenye ng'ombe amechukua ng'ombe wake kwa hiari. Mwanasheria akatazama nje mara mbili, akaandika. Nikaruhusiwa kukaa bila kupiga kura, bila kuuliza, na kama ingewezekana bila kupumua. Jioni wakamaliza. Bodi ikampendekeza yeye, baadaye wakubwa wakathibitisha, mfuko ukapata mwenyewe.

Jioni ileile ya usaili nilirudi Kibaoni nikiwa naimba. "Tumempata!" nikapiga kelele kabla hata ya shikamoo. Shemeji akatia upepo matairi siku hiyohiyo.

Siku Mkurugenzi Mkuu mpya alipokalia kochi lake, akanipigia simu. "Shikamoo mama. Mafaili yote yaliyolala nimeanza kuyasaini. Isipokuwa moja." Nikakaa chini. "La shemeji yako siwezi kuligusa. Ng'ombe wa baba yangu alilala kwenu. Ni mgongano wa maslahi." Ninyi mnaonijua, hamhitaji kuambiwa nilijibu nini. Nilimwambia mengi, mengine kwa Kibena cha kwetu, lugha asiyoijua, ili nisije nikashtakiwa kwa mujibu wa chochote. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Naelewa, mama," akasema. "Nimelipeleka kwa aliyekuwa Kaimu. Yeye hana ng'ombe."

Kaimu! Nilikata simu nikijua mguu umekufa. Kumbe sikumjua yule mtu. Alisaini palepale, kalamu haikutetemeka, nasikia hata alichora kimstari chini ya jina. Nilipomuuliza kikaoni nini kimembadilisha, akaniambia kwa raha zote: "Sasa kuna mkubwa wa kulaumiwa, mama." Kalamu zote mbili zilikuwa hai siku zote, kumbe zilikuwa zinangoja mwavuli.

Mguu ulikuja. Shemeji alianguka nao kibarazani, akaanguka nao barabarani, akaanguka nao kwenye mfereji wa jaruba langu la mpunga akatoka na matope mpaka kwenye nyusi, na kila mara akanikataza nisimshike. Kisha asubuhi moja nikasikia kengele. Nilipotoka, alikuwa anazunguka ua, anazunguka mpera, mguu wa kulia unapanda na kushuka kwenye pedali kana kwamba umezaliwa naye. Hakucheka wala hakusema neno, na kwake hiyo ni ajabu. Alipochoka akasimama mbele yangu.

"Panda," akasema. "Twende tukamsalimie mzee."

Nilipanda. Ilikuwa kiangazi, mpunga umeshavunwa, njia ya bondeni kavu. Alihema njia nzima, akanikumbusha njia nzima kwamba zamani nilikuwa mwepesi, nami nilimshika kiunoni kama siku ile ya stesheni na sikumjibu.

Tulimkuta mzee zizini. Alituona kwa mbali, akavua kofia. Aliinama akaushika ule mguu, akaugonga kwa kidole kama mtu anayepima tikiti, akaomba auone ukikanyaga tena. Akatuletea maziwa, ya yule mtamba, kumbe alishazaa. Nikakumbuka sera, nikayanywa, nikajisemea nitatamka kikao kijacho. Majirani wakaanza kusogea kutuangalia wageni, na mama mmoja aliponong'onezwa mimi ni nani, akanishika mkono kwa huruma. "Tulimpa mzee pole," akasema. "Kijana wake walimkataa huko mjini. Alirudi na ng'ombe."

Nikamgeukia mzee. "Hujawaambia?"

Akatazama chini. "Ulisema nikihusika anaharibikiwa. Kijana mwenyewe aliponipigia simu, nilimwambia mama yake tu. Nikaona nikisherehekea hapa, bodi itasikia, watamtoa."

Miezi yote ile! Mtoto wake ni Mkurugenzi Mkuu, na yeye anapokea pole mnadani, anapokea pole kisimani, anasema asante. Shemeji aligeuza uso upande wa pili. Mimi hasira na machozi vilinijia pamoja sikujua nitangulize kipi, kwa hiyo nikasimama katikati ya boma, kikombe mkononi, nikapiga kigelegele mpaka ng'ombe wakakimbia. "Kijana wake amepata!" nikapaza. "Siku ileile! Ndiye mkubwa wa mfuko mzima, na mguu huu hapa, njooni muuone!"

Wanawake wakaitikia. Watoto wakaja mbio. Mzee akanisogelea, machoni maji, ananionyesha kwa mkono nishushe sauti. "Polepole mama, polepole. Bodi itasikia."

"Mimi ndiyo bodi," nikamwambia, nikapiga kingine.